Kupelekeana Wateja: Faida Yake na Dhamana Yake



Mtu apatwapo na haja ya fundi, aghalabu haendi kusoma mabango ya barabarani. Humwendea jirani yake akamwuliza: "Bwana, mlango huu alikutengenezea nani?" Na jina moja litakalotajwa pale kizingitini ndilo litakaloamua ni fundi gani, katika mji wenye mafundi kwa mamia, atakayerudi kwake jioni na unga mkononi. Waliobaki hawatajua hata kwamba kazi hiyo ilikuwapo. Hawakushindwa kwa ubora wala kwa bei, hawakutajwa tu.

Huenda msomaji akastaajabu na kuuliza, mwalimu wa chuo ana shughuli gani na khabari za wateja? Jawabu langu ni jepesi. Nimesomesha watoto hapa Temeke kwa miaka 30, na ada ya chuo chetu hutoka katika mifuko ya maseremala, mafundi cherehani, mama lishe na wauza mitumba. Mfuko wa mzazi ukikauka, mtoto hukaa nyumbani, na yule aliyekwisha kufika Juzuu ya 5 huanza kusahau hata Juzuu Amma. Basi khabari ya kazi zao ni khabari ya chuo changu pia, nitake nisitake.

Yupo seremala mmoja ambaye karakana yake iko Keko, mahali ambapo watu wengi wa Dar es Salaam huenda wakitaka vitanda, makabati na milango. Jina lake sitalitaja, lakini mkono wake naujua: milango miwili ya nyumba yangu ni kazi yake, na baada ya masika kadhaa haijavimba wala kupinda. Pamoja na ufundi huo, mwaka juzi alipitisha miezi mitatu pasi na kazi ya maana. Keko ni mahali pazuri kwa mnunuzi, ila kwa fundi pana taabu yake. Karakana zimepangana bega kwa bega, na mpita njia huona vitanda chungu nzima vinavyofanana, akaishia kuuliza bei. Aliyetumia mbao mbichi huuza rahisi akampata mteja, na aliyezikausha mbao zake inavyopasa huonekana mwenye tamaa.

Siku moja baada ya Alasiri alinijia kuniomba nimvumilie ada ya watoto wake wawili. Katika mazungumzo akanieleza kwamba alikwisha kujiunga na kikundi cha mafundi wa ujenzi, wakutanao kila Jumamosi nyuma ya duka moja la vifaa vya ujenzi: waashi, mafundi bomba, mafundi umeme, wapaka rangi. Madhumuni yao ni kupelekeana wateja, yaani mwenye kumwona mtu mwenye haja ya kazi isiyo yake amwelekeze kwa mwenzake.

"Maalim," akasema, "nimekaa nao majuma 12, sijapata hata mlango wa choo. Watu wale ni wachoyo."

Nikamwuliza hufanya nini akifika huko. Akasema zamu yake ifikapo husimama akaieleza milango yake, akagawa kadi zake, kisha huondoka upesi kurudi kazini. Nikamwuliza, yule fundi bomba akaaye ubavuni pako, kazi yake uliwahi kuiona? Akasema hapana. Na wao je, wamewahi kufika karakana yako? Hapana. Nikanyamaza kidogo, kwani nilikumbuka jambo langu mwenyewe ambalo si zuri kulisimulia. Lakini nilimsimulia yeye siku ile, na nitalisimulia hapa pia.

Miaka kadhaa iliyopita, mama mmoja mjane, mzazi wa mwanafunzi wangu, alitaka kuezeka upya vyumba vyake viwili, maana mabati yalikuwa yameliwa na kutu. Chumba kimoja alikilala yeye na wanawe. Cha pili alikipangisha, na kodi ya chumba hicho ndiyo iliyowalisha. Akaniuliza kama namjua fundi mwaminifu. Nikamtaja bwana mmoja ambaye kwa miaka mingi nilimwona katika safu ya mbele ya sala ya Alfajiri. Nilimtaja bila ya kusita, tena nikaongeza sifa ambazo sikuulizwa. Yule mama hakutafuta maneno ya mtu mwingine. Alimkabidhi fedha za mabati na za mbao zote kwa mara moja, kwa kuwa, kama alivyoniambia baadaye, yeye aliyekuwa akimwamini ni mimi.

Yule bwana alinunua mabati mepesi kuliko yaliyopatanwa, akapigilia misumari ya kawaida mahali pa misumari ya mabati, akaiacha kazi katikati, na simu yake ikawa haipokelewi. Mvua za kwanza za masika ziliingia katika kile chumba cha kupangisha, na mpangaji akahama. Tulimtafuta fundi mpaka tukampata, tukamfikisha mbele ya wazee wa mtaa, naye akarudisha kiasi kidogo. Kilichosalia nilikilipa mimi kidogo kidogo kwa miezi 9. Sisemi hili nipate kusifiwa. Hakuna aliyenilazimisha, ila sikuweza kuketi mbele ya mwanawe nikimsomesha, ilhali usiku hulala akidondokewa na maji kwa sababu ya neno langu.

Hapo ndipo nilipokumbuka khabari ambayo nimeisomesha mara nyingi bila ya kuitumia. Imepokewa kwamba mtu mmoja alikwenda kutoa ushahidi mbele ya Sayyidna Umar bin Khattab, Mwenyezi Mungu amwie radhi, naye akataka aletwe mtu amjuaye. Akatokea mmoja akamsifu kwa uadilifu. Sayyidna Umar akamwuliza: je, ni jirani yake, ajuaye kuingia kwake na kutoka kwake? Je, amewahi kuamiliana naye kwa dinari na dirhamu, mahali ambapo uchaji wa mtu hujulikana? Je, amesafiri naye safari inayodhihirisha tabia? Kwa yote matatu yule mtu akajibu la. Akaambiwa kwamba basi hamjui. Na katika baadhi ya mapokezi, kwamba labda amemwona tu msikitini akiinamisha kichwa na kukiinua. Nawaambia kweli, wasomaji wangu, niliona uso ukiniwaka moto.

Na katika Surat Nisaa, aya ya 85, imetajwa shafaa njema na shafaa mbaya, na kwamba kila moja ina fungu lake linalomrudia mwenye kuitoa. Wafasiri wameieleza aya hiyo kwa upana, na hapa si mahali pa kuyakusanya maneno yao. Mimi nachukua kwa uchache tu kwamba kumtaja fundi kwa mwenye haja naye ni ahadi, na ahadi hiyo ina mtu wa kuulizwa.

Basi nikamwambia yule seremala: wale wenzako wa Jumamosi si wachoyo, wanaogopa lisije likawapata lililonipata mimi. Fundi bomba akikutaja kwa mteja wake, ameweka rehani mteja aliyemtafuta kwa miaka. Ukichelewa, atalaumiwa yeye. Ukila fedha, atafuatwa yeye. Nawe unataka waweke rehani hiyo kwa ajili ya kadi ya karatasi uliyoigawa na kuondoka kabla ya chai!

Jambo hili si geni katika pwani yetu. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 aliona kwamba chombo kikitia nanga, vijana wa mji hukiendea kwa mashua ndogo, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa, akampa mfanyabiashara mmoja na kutangaza kwamba huyo ni mgeni wake. Mfanyabiashara hushukia kwa mwenyeji huyo, isipokuwa aliyekwisha kuja mara nyingi akajuana na watu wa mji. Huyo hushukia apendapo. Mwenyeji ndiye amwuziaye mgeni wake na ndiye amnunuliaye. Na mtu akimpunja mgeni kwa bei, au akimwuzia bila ya mwenyeji kuwapo, wenyeji wa mji huyahesabu mauzo hayo kuwa hayafai. Mgeni alifunguliwa soko la mji mzima kwa ulimi wa mtu mmoja, na mtu huyo alikuwapo kila bei ilipokatwa. Pia msomaji aangalie kwamba sahani ya chakula ilitangulia biashara.

Watu wa mbali nao wameyafikia mambo haya kwa njia yao. Katika mji wa Chicago huko Marekani alikuwapo mwanasheria aitwaye Paul Harris, aliyelelewa katika mji mdogo ambako watu hujuana, na katika mji ule mkubwa akajiona mpweke. Tarehe 23 Februari 1905 alikutana na wenzake watatu: Silvester Schiele mwuza makaa ya mawe, Gustavus Loehr mhandisi wa madini, na Hiram Shorey fundi wa nguo. Wakapatana kukutana kwa zamu, leo katika ofisi ya huyu, kesho katika ofisi ya yule, na kwa sababu ya mzunguko huo chama chao kikaitwa Rotary. Kanuni yao ilikuwa kila kazi iwe na mtu mmoja tu chamani, mwanasheria mmoja, mwuza makaa mmoja, ili pasiwe na wawili wenye kuwania mteja yule yule. Walifaana kwa kazi wao kwa wao, na alikuwapo mtu wa kuandika hesabu ya kazi walizopeana.

Kanuni ile ina hekima, nami nimeona vikundi vya hapa kwetu vilivyovunjika kwa kuikosa, maseremala 5 wakimkodolea macho mteja mmoja. Lakini chama chao nusura kiharibike kwa namna nyingine. Mwaka 1906 mwanasheria mwingine, Donald Carter, alialikwa kuingia naye akakataa, akisema kwamba chama kisichomfaa mtu yeyote isipokuwa wanachama wake hakiwezi kudumu. Waliyapokea maneno hayo, wakayageuza madhumuni yao, naye akajiunga. Mwaka 1907 chama kikaanza kuhangaikia kujengwa kwa vyoo vya watu wote katika mji. Napenda sana khabari hii ya vyoo. Mtu akiniuliza kikundi chema hujulikana kwa nini, huwa namwuliza kwanza kama mtaa wao umewahi kupata faida yoyote kwa kuwapo kwao.

Mwaka 1985, huko California, Ivan Misner alianzisha chama kiitwacho BNI, ambacho kimeishika ile kanuni ya mtu mmoja kwa kila kazi, pamoja na mkutano wa kila juma na ada ya mwaka, nacho kimeenea katika nchi nyingi, Kenya ikiwamo. Mwenye ofisi na mapato ya kutegemeka aweza kukitazama. Seremala wa Keko namshauri aanze na vilivyo karibu naye, navyo ni vingi kuliko adhanivyo.

Mtu wa kwanza wa kuendewa katika Tanzania Bara ni Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata. Halmashauri zimeamriwa kisheria kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, na kikundi kitakacho fedha hizo hakina budi kujiandikisha. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 kwa sababu ya kasoro zilizoonekana katika utoaji wake, ikarejeshwa mwaka 2024. Lakini hapa sisemi khabari ya mkopo. Nasema khabari ya daftari la yule afisa, ambamo yamo majina ya vikundi, kazi zao na mahali wakutanapo, na watu wengi hupita mlangoni pake pasi na kujua kwamba wanaweza kuuliza.

Lipo pia shirika la SIDO, lililoundwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, lenye ofisi mikoani. Waliopata mafunzo pamoja huko huendelea kujuana. Ipo TCCIA, jumuiya ya wafanyabiashara, wenye viwanda na wakulima, iliyoanzishwa mwaka 1988, nayo ina ofisi mikoani. Wenye biashara ndogondogo wa Dar es Salaam wana VIBINDO, umoja uliokusanya vikundi vyao tangu mwaka 1995. Msomaji wa Nairobi au Mombasa ataziulizia jumuiya za Jua Kali. Na ifikapo Julai, katika maonyesho ya Sabasaba pale Barabara ya Kilwa, mtu asiende kununua vikombe tu. Amwulize kila mwenye banda dogo amekuja na kikundi gani na hukutana wapi, kwani wengi wao wasingeliweza kulipia banda peke yao.

Makundi ya simu nayo yapo, na hayadharauliki kwa kupashana khabari. Ila kundi lenye watu 200 ambamo kila mmoja anatangaza na hapana asikilizaye, hilo ni soko bila ya wanunuzi. Mtu akikuelekeza kwa fundi ambaye amemjua kwa picha tu, mkumbuke bwana wangu wa mabati.

Zaidi ya ofisi zote hizo, mimi naona mahali penye kheri ni dukani. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi anajua nani amenunua saruji leo, na kwa hiyo anajua nani atatafuta milango baada ya miezi michache. Ndiyo maana kikundi cha yule seremala kilizaliwa nyuma ya duka. Na hili linanifikisha kwenye jambo ambalo watu hukosea mno katika kuchagua kikundi, nalo ni kutafuta penye watu wengi badala ya kumtafuta mtu anayemwona mteja kabla yako.

Itazame nyumba inavyojengwa. Mwashi hutangulia. Fundi bomba na fundi umeme hufukia mabomba yao ukutani kabla ya lipu. Milango huja baadaye, na mpaka rangi huwa miongoni mwa wa mwisho. Basi seremala wa milango atakaye kazi na aketi na mwashi na fundi umeme, ambao wamo katika nyumba hiyo miezi kabla yake, wanakunywa maji na mwenye nyumba na kusikia mipango yake. Akiketi na wapaka rangi peke yao, ataletewa khabari za nyumba zilizokwisha kutiwa milango. Ila naye kwa mpaka rangi ni mtu wa dhahabu, na hapo ndipo penye zamu yake ya kutoa.

Kwa akina mama mfano mzuri ni harusi. Mshonaji wa sare husikia mapema kuliko wengi, maana kitambaa hakishonwi kwa siku moja. Mwenye kukodisha maturubai na viti hushikishwa tarehe yake mapema pia. Mpishi wa pilau hufuata, kisha mpambaji, na mchora hina huitwa zimebaki siku mbili. Nimemwona mchora hina hodari, mzazi wa chuoni kwetu, aliyekuwa akingoja kuitwa na mabibi harusi wasiomjua. Tangu alipofanya urafiki na mshonaji mmoja wa Tandika, hupata kujua harusi za mwezi ujao. Yeye naye hawaachi mikono mitupu: kila aendapo kuchora, wageni humzunguka, na hapo hulitaja jina la mshonaji.

Na akina mama wana jambo ambalo wanaume wengi hawana, yaani upatu. Wanawake 10 waliocheza upatu mwaka mzima wameonana katika fedha, wakamjua nani hutoa siku yake na nani hutafuta udhuru. Lile swali la Sayyidna Umar la dinari na dirhamu wao wamekwisha kulijibu. Mwanamke wa upatuni akiniambia kwamba fulani ni mwaminifu, namsadiki upesi kuliko nijisadikivyo mwenyewe. (Vile vikoba vinavyokopeshana kwa ziada nina maneno navyo, lakini si ya leo.)

Sasa nirudi kwa seremala wangu. Alikwenda Jumamosi iliyofuata hali hana furaha, akaketi mpaka chai ikaisha. Akamwomba fundi bomba ampeleke kuona kazi yake, wakaenda siku ya pili. Juma lililofuata aliwaalika wote karakanani kwake. Akawaonyesha mbao za mninga na za mkongo zilizopangwa kivulini na vijiti katikati ili upepo upite, akawaeleza kwa nini hazigusi mpaka zikauke, akawaonyesha na mlango mmoja aliokosea, uliopasuka, ambao amekataa kuuza. Nilipoulizia baadaye, mwashi mmoja aliniambia kwamba huo mlango uliopasuka ndio uliomtuliza moyo.

Kisha alitoa kabla ya kupewa. Mteja wake wa kabati alilalamika juu ya bomba livujalo jikoni, naye, kwa kuwa alikwisha kuiona kazi, akamtaja yule fundi bomba, akampigia simu mwenyewe mbele ya mteja, akamweleza ni nyumba gani, tatizo ni nini na mteja yupo saa ngapi. Hii ndiyo namna ifaayo. Kumpa mtu nambari ya simu na kumwambia "mtafute" hakumsaidii yeyote. Mteja husahau, na fundi hajui kwamba alitajwa. Mwezi wa pili ukapita bila ya jibu, na alikuja kwangu tena na uso wa kuniuliza. Sikuwa na la kumwambia isipokuwa asubiri. Mwezi wa tatu fundi bomba akampeleka kwenye nyumba moja Mbagala: milango 6 na fremu zake.

Kazi hiyo nusura imharibikie. Mbao alizoahidiwa hazikufika kwa wakati, akajua kwamba atachelewa juma zima. Yeye alitaka kunyamaza mpaka mteja aulize, kama ilivyo desturi ya mafundi wengi, nao wanisamehe. Mkewe ndiye aliyemzuia, akamwambia, "Mpigie aliyekupeleka kabla hajapigiwa na mteja." Akampigia fundi bomba, wakaenda wawili kwa mwenye nyumba, wakamweleza. Mwenye nyumba alikasirika kidogo, kisha akakubali. Milango ilipotiwa, seremala alimrudia fundi bomba siku ile ile akampa khabari kwamba kazi imekwisha na imelipwa. Tangu hapo ana daftari lenye safu chache: nani amemleta mteja, siku gani, wamepatana nini, na siku aliyompelekea mwenzake khabari ya mwisho. Safu hii ya mwisho wengi huiacha, na kwa kuiacha hukauka. Kwani mtu aliyekutaja akakaa bila ya kujua lililotokea, hatakutaja mara ya pili.

Limebaki neno la cha juu. Katika kikundi hicho palizuka ugomvi, kwa kuwa mwashi mmoja alikuwa akidai fungu kwa kila mteja ampelekaye, na fundi hulifidia kwa kuongeza bei bila ya mteja kujua. Waliniita niwaambie sheria inasemaje. Ujira wa dalali si haramu kwa asili yake. Imam Bukhari ameweka mlango mzima juu ya malipo ya udalali na kutaja miongoni mwa Taabiina wasioona ubaya ndani yake. Lakini dalali hujulikana kuwa ni dalali, na malipo yake hupatanwa. Mtu ajionyeshaye kuwa ni mshauri mwema, huku chini ya meza amekwisha kuuza ushauri wake, huyo amemghushi aliyemwuliza. Wakaafikiana kwamba kikundini mtu hamtozi mwenzake, na atakaye malipo ya udalali ayataje mbele ya mteja. Yule mwashi aliondoka. Wengine waliobaki ni 11.

Seremala hajatajirika. Mwezi uliopita alipata kazi mbili kwa njia ya wenzake, na mwezi wa kabla yake moja, na siku nyingine hushinda akipiga randa vitanda vya kuuza njiani kama zamani. Lakini ada ya watoto wake imelipwa, na mkubwa wao yuko Juzuu ya 9.

Paa la chuo chetu limeanza kuvuja upande wa kibla. Nilimwambia anitafutie fundi wa mabati katika wale wenzake, nikidhani atanitajia jina pale pale. Akasema yupo mmoja mgeni kikundini, ameezeka nyumba huko Chang'ombe, lakini bado hajaliona paa lile wakati wa mvua. "Nivumilie, Maalim," akaniambia, "inyeshe kwanza." Basi tumetandika ndoo chini ya tundu, tunangoja.